Mnara nyuma ya nyumba, simu kifuani: mama mkwe aogope kipi?

Mpanda Minara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, atarudi usiku bando likiwa la bei rahisi.

Jumamosi nilikwenda Yombo kumjulia hali mama mkwe. Shikamoo yenyewe haijajibiwa, karatasi ishawekwa mezani. "Mkwe, tia sahihi hapa. Wewe ulikuwa mtu wa minara, watakusikiliza." Ni barua ya majirani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wanataka mnara wa simu ulio nyuma ya nyumba ung'olewe kwa sababu unawachoma ndani kwa ndani. Majina yako 31, wengine wamepiga dole gumba. Malalamiko: kichwa kuuma, usingizi kukatika, mimba mbili zimetoka, na kuku wa jirani mmoja wamegoma kutaga.

Bado nasoma, kitu kikaita. Mama akazamisha mkono kifuani, akatoa kiswaswadu kilichoviringishwa pamoja na noti kwenye kitambaa, akakikandamiza sikioni na kuanza kuongea na dada yake wa Lindi. Unazijua zile simu za "haloo, haloo, sogea dirishani". Dakika ishirini na kitu. Alipokata, sikio na shavu vimelowa jasho. Akanionyesha: "Umeona moto huu? Ni mnara ule."

Sikubisha. Mama mkwe habishiwi. Ila nimekaa na jambo hili wiki nzima, nalimwaga hapa.

Nijitambulishe kidogo: nilipanda minara miaka sita, kufunga antena na kuvuta nyaya, mpaka goti likanigomea. Sasa nina meza ya ufundi simu Kariakoo, upande wa Aggrey. Si daktari. Ninayoyaandika ni yale tuliyofundishwa tusife juu kule, na mengine nimeyasoma mwenyewe kwa sababu wateja hawaishi kuuliza.

Kwanza, neno "mionzi" limetuponza. Mionzi ya eksrei tunaita mionzi, ya jua mionzi, ya simu nayo mionzi, basi mtu anaona vyote ni ndugu wa baba mmoja. Eksrei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye chembe za mwili na kuharibu vinasaba ndani ya seli. Ndiyo maana wale wa Tume ya Nguvu za Atomu wanaiita mionzi ayonisha, na mpiga picha hospitalini anajificha nyuma ya ukuta. Simu inatumia mawimbi ya redio, ukoo mmoja na yale yanayokuletea taarifa ya habari. Punje moja ya nishati ya wimbi la megahezi 900 ni ndogo zaidi ya mara milioni mbili kuliko inayohitajika kung'oa elektroni. Ukiongeza wingi wa punje unaongeza joto, lakini kila punje inabaki dhaifu vilevile.

Na joto ndilo la kuliangalia. Mwili umejaa maji na chumvi. Wimbi likipita, chembe za maji zinageuzwa huku na huku, zinasuguana, tishu inapata moto. Jiko la maikrowevu linafanya kazi hiyohiyo, ila lile lina wati mia saba, mia nane, na limefungwa ndani ya boksi la chuma. Simu ya 2G kama ya mama kwenye megahezi 900 inafika wati 2 ikiwa kilele, lakini inatuma kwa zamu, sehemu moja ya nane ya muda, kwa hiyo wastani wake ni robo ya wati. Sehemu ya robo hiyo ndiyo inayoingia kichwani.

Kipimo chake kinaitwa SAR: wati ngapi zinamezwa na kilo moja ya tishu. Ulaya kikomo cha kichwa na kiwiliwili ni wati 2 kwa kilo, zikipimwa kwa wastani wa gramu 10 za tishu. Gramu 10 ni kama kinyama kimoja cha mshikaki. Marekani wanabana zaidi, 1.6 kwa gramu 1. Ukikokotoa joto linaloingia kwenye ubongo simu ikiwa imekaza nguvu zote, unapata kama sehemu moja au mbili za kumi za nyuzi. Damu ndiyo rejeta: inapita, inabeba joto, inalitawanya. Ukipanda daladala saa saba mchana, dirisha la upande wa jua, unapata joto kubwa kuliko hilo kabla hujafika Tazara.

Sasa lile jasho la mama? Betri inachemka, plastiki imeziba sikio hewa haipiti, na dada mtu wa Lindi hamalizi maneno. Mawimbi yenyewe yamechangia kidogo sana kwenye moto ule.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Nilimuomba simu nikaangalia. Mtandao ulikuwa vijiti viwili, vinashuka kimoja. Hatua sitini kutoka kwenye mnara! Nikatoka nje, nikainua macho. Antena zilizo juu ni za kampuni moja tu, na laini ya mama ni ya kampuni nyingine. Yaani anaishi chini ya mnara usiomhusu, na simu yake inautafuta mnara mwingine ng'ambo ya bonde.

Simu haina nguvu moja. Ikiwa karibu na mnara wake inanong'ona, ya 2G inashuka hadi sehemu chache za elfu za wati moja. Mnara ukiwa mbali, au umekaa chumba cha ndani chenye bati na nondo, inapiga kelele. Kelele hizo zinatokea sentimita moja kutoka kwenye ngozi, au sifuri ikiwa iko kifuani na mtu anapiga.

Na mnara? Antena ile ina wati makumi kadhaa, ni kweli, nyingi kuliko simu. Lakini iko juu mita thelathini na zaidi, na inamulika mbele kama kurunzi iliyoinama kidogo, haimwagi chini. Wote mmewasha kibatari umeme ukikatika: kiti chake chenyewe ndicho kinachokaa kivulini. Kisha umbali. Ukiwa mbali mara mbili, unapata robo. Mbali mara kumi, sehemu moja ya mia. Kwa kawaida mtu aliye chini anapata kiasi kilicho chini ya kikomo kwa mamia au maelfu ya mara.

Sisi tuliokuwa juu ndio tulikuwa na haki ya kuogopa. Tulivaa kikengele kifuani, kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara. Ukikaa nyuma ya antena, kimya. Siku moja nilipeleka mkono mbele kushika boliti kabla hawajazima, kikalia kama mtoto aliyefinywa. Sheria ni kwamba hufanyi kazi mbele ya antena inayotuma. Ile ni tishu yako na wati makumi zikiwa nusu mita, na hapo joto si hadithi.

Kwa hiyo majirani wakifanikiwa kuuhamisha mnara, watu wa mtandao ule watakuwa na simu zinazopiga kelele kuliko leo. Nilitamani kumwambia mama hivyo. Nikala pilau, nikaondoka.

Karibuni, wajuzi mnikosoe.

---

mchokozi wa Keko

Wamekulipa shilingi ngapi hao wenye minara? 😂 Hizi taarifa za madhara zipo, zinafichwa. Ulaya wanajua, sisi huku ni dampo.

---

Mpanda Minara

Mkuu, wangekuwa wananilipa nisingekuwa nabadilisha vioo vya simu Aggrey. Kuhusu kuficha, mwaka 2023 Ufaransa walisimamisha uuzaji wa iPhone 12. Waliipima ikiwa imegusa mwili kwa kiwango cha mkononi na mfukoni, ikatoa wati 5.74 kwa kilo wakati kikomo ni 4. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Apple ikabadilisha programu ya simu ili ipunguze nguvu, ikarudi dukani. Yako mwenyewe bonyeza *#07#, simu nyingi zinakuonyesha SAR yake palepale.

---

Nesi Mstaafu

Nimesoma yote. Mwanangu umeandika vizuri, ila umeruka la kifuani na mimi ndilo nililokaa nalo miaka.

Wanawake wengi wa sokoni wanaweka simu kwenye sidiria. Pochi inakwapuliwa, kifuani hakukwapuliwi. Wakija kliniki swali ni lilelile: nesi, itanipa kansa ya titi? Ilitoka ripoti ya madaktari Marekani 2013 ya wanawake wanne waliopata kansa upande waliokuwa wanaweka simu. Wanne. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na titi moja kati ya mawili lazima liwe upande wa simu. Ripoti ya namna hiyo inakuambia "angalieni", haikuambii "imethibitika".

Nilichokiona kwa macho yangu ni vipele, ngozi iliyochubuka kwa jasho na plastiki, na mmoja aliyeungua betri ilipovimba. Lakini nimeona pia mama aliyeacha kuweka simu kifuani kwa hofu ya kansa, huku uvimbe wa saizi ya ndimu ameuficha miezi minane kwa sababu anaona haya kuupima. Pale hospitali ya saratani ya Ocean Road wengi wanafika hatua ya tatu na ya nne. Mwambieni mama mkwe ajipapase, hata kama simu ataiacha palepale.

---

Kijana wa Mabibo

Nesi shikamoo. Sisi wa mfuko wa mbele je? Naoa Desemba, msinifiche 🙏

---

Mpanda Minara

😂 Desemba si mbali.

Korodani na mboni ya jicho ndizo sehemu zinazojadiliwa sana, na sababu ni ileile ya rejeta. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu, joto likiingia halina wa kulibeba. Korodani zimewekwa nje ya mwili makusudi zikae na ubaridi kidogo, kwa hiyo joto la aina yoyote linazisumbua: suruali ya kubana, laptop mapajani, tanuri la mkate.

Kuna utafiti wa Uswisi wa 2023, wanaume vijana 2,886 waliopimwa kati ya 2005 na 2018. Waliosema wanatumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu milioni 44.5 kwa mililita, na wale wa mara moja kwa wiki au pungufu milioni 56.5. Watu wakapiga yowe. Lakini soma na yaliyofuata: kuweka simu mfukoni hakukuonekana kuhusiana na lolote, na tofauti ile ilizidi kufifia miaka ilivyosogea kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Hilo la mwisho linapatana na ninachosema. Simu ya 3G inarekebisha nguvu yake mara 1,500 kwa sekunde, ya 2G kama mara mbili tu kwa sekunde. Hivyo 2G inabaki juu muda mrefu, hata pasipo haja.

Yaani wale wanaorudi kwenye kiswaswadu "kuepuka mionzi ya simu janja" wanajiongezea wakati wa kupiga. Milioni 44 bado unapata mtoto, usiahirishe harusi. Simu iweke mfuko wa begi.

---

boda wa Buza

Mimi naichomeka ndani ya helmeti, inabanwa na sikio, naongea na abiria wa mbele nikiwa bado na wa nyuma. Siku nzima. Nimekwisha?

---

Mpanda Minara

Ndugu yangu, ukiwa unatembea simu inahama mnara hadi mnara, na kila inapohama inaweza kuanza na sauti kubwa kisha ishushe. Kwa hiyo ndiyo, unapata zaidi ya aliyekaa kibarazani. Waya wa masikioni wa elfu tatu ungemaliza habari ya mawimbi. Habari ya lori la mchanga usilolisikia hiyo siwezi kukusaidia.

---

Mtoa Hoja

Mwanzisha uzi anakwepa. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya saratani kule Lyon lilitangaza Mei 2011 kwamba mawimbi haya "huenda yakasababisha kansa kwa binadamu". Kundi 2B. Halafu panya wa Marekani 2018 walipata uvimbe kwenye moyo. Hayo nayo ni kibatari?

---

Mpanda Minara

Sikwepi mkuu, nilijua atakuja wa 2B. Hoja zako ni za kweli zote mbili.

Panya kwanza. Walikuwa madume na majike, wakapigwa mawimbi ya 2G na 3G mwili mzima, saa tisa kwa siku, miaka miwili, dozi ya juu wati 6 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo cha mwili mzima kwa raia ni 0.08. Uvimbe kwenye neva za moyo ulionekana kweli kwa madume, wala siwezi kuufuta. Kioja ni kwamba madume wale waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa. Anayetumia nusu moja ya utafiti bila nyingine, mwangalie vizuri.

Kwa binadamu: Denmark walifuatilia wateja wa simu 358,403, hawakuona ongezeko la uvimbe wa ubongo. Utafiti wa nchi 13 uliotoka 2010 haukuona hatari kwa jumla, ila ile sehemu ya kumi ya waliopiga simu kuliko wote, waliotimiza saa 1,640 na zaidi, ilionyesha glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, kuwa asilimia 40 zaidi. Shida ni kwamba waliulizwa wakumbuke wenyewe, na wapo waliotaja zaidi ya saa 12 kwa siku. Kutokana na mashaka ya namna hiyo ndiyo likatoka 2B la 2011. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi wa pamoja wa tafiti 63 ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani. Uhusiano na kansa ya ubongo haukuonekana, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi.

Halafu 2B maana yake ushahidi ni hafifu lakini haujafutika. Haisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Humohumo zimo achari za mboga za kienyeji za Asia. Nyama nyekundu iliwekwa ngazi ya juu yake, 2A, mwaka 2015. Wewe Ijumaa uko wapi na sahani ya nani?

Kuna jambo moja linanikaa akilini kwa upande wako. Marekani 2011 waliwawekea watu 47 simu sikioni dakika 50, na ubongo karibu na antena ukatumia sukari zaidi kwa kama asilimia 7. Mtu hasikii joto lolote, lakini seli zimeongeza kazi. Maana yake kiafya haijulikani mpaka leo, ndiyo maana nami natumia waya wa masikioni.

---

Duka la Chips za Mionzi

Wakuu tunazo stika za dhahabu za kuzuia mionzi 99%, bei ya jumla na rejareja, njoo PM.

---

Mpanda Minara

Kama kweli inazuia, simu haitashika mtandao. Ikizuia nusu, simu itapandisha nguvu kufidia. Mods, mnamuona huyu?

---

Mama wa Kiwalani

Mimi nina swali dogo kwa fundi. Huo mnara wa Yombo una jenereta? Wa kwetu unalo, linanguruma usiku kucha umeme ukikatika na moshi unaingia chumba cha watoto. Kichwa kikiniuma asubuhi nasingizia mawimbi, mume wangu anasingizia moshi.

---

Mpanda Minara

Mama wa Kiwalani, nimeweka simu chini nikaiokota tena.

Lipo. La dizeli, kwenye kibanda cha wavu upande wa ukuta wa mama, na bomba la moshi liko usawa wa dirisha. Nimelipita mara mia. Miaka sita nimekula chakula cha mchana nimeegemea majenereta hayo.

Na taasisi ileile ya Lyon anayoitaja Mtoa Hoja, Juni 2012, mwaka mmoja baada ya simu, iliuweka moshi wa dizeli kundi la 1. Hakuna "huenda". Unasababisha kansa ya mapafu. Usingizi kukatika, kichwa kuuma alfajiri... nimeandika maneno elfu kuhusu antena nisiangalie kilicho chini yake.

Jumapili narudi Yombo.

---

mchokozi wa Keko

Leo nimekubali uzi. Mrejesho tafadhali, tusiachwe hewani.

---

Mpanda Minara

MREJESHO.

Tumekaa na wazee wa mtaa chini ya mwembe. Sikufundisha fizikia. Niliuliza tu: kichwa kinauma siku zipi zaidi? Wakabishana, mwisho kijana mmoja akasema siku za mgao. Siku ambazo jenereta linawaka. Kukawa kimya kidogo.

Barua imeandikwa upya. Inaomba jenereta lisogezwe mbali na ukuta na bomba lipandishwe juu ya paa. Nakala moja itaenda NEMC, baraza la mazingira, kwa ajili ya moshi na kelele. Waliosisitiza mawimbi nao hatukuwatupa: mstari wa mwisho unaomba wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomu waje kupima, watu wasome namba wenyewe. Majina ni 27. Watatu wamejitoa, wanasema fundi amenunuliwa. Mwenye kuku naye kajitoa, kuku wameanza kutaga.

Muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa Jumatatu. Jenereta bado linanguruma.

Kuhusu mama mkwe, Nesi, nimemfikishia ujumbe wako kupitia mke wangu, mimi mkwe siwezi kusema maneno hayo. Amekubali kwenda kupima. Na simu ameitoa kifuani, amesema amenielewa vizuri sana. Ameihamishia kwenye kibindo.